Klani yetu imevunjwa na mtu mmoja usiku mmoja: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo kaka. Sisi ni vijana wa Tanga. Tulianzisha klani (kundi la wachezaji) katika gemu ya simu ya Clash of Clans mwaka 2017, tukafika watu 38, wengi wa Ngamiani, Makorora na Mabawa. Kiongozi wetu alipokwenda machimboni alimkabidhi uongozi mwenzetu mmoja. Juzi usiku yule bwana katutoa wote, kabaki yeye na rafiki zake wawili, na sasa anataka 150,000 ndipo aturudishe. Nimesikia kuna chama kikubwa cha Ulaya kilivunjwa hivyohivyo na mtu mmoja. Ni kweli? Na hao waliodumu miaka 20 wamedumu kwa lipi? Tuliobaki na moyo ni 11."

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Watakuwapo wa kukwambia kwamba hilo ni gemu tu. Watu 38 kuamshana saa nane za usiku, mwaka baada ya mwaka, ili vita visiishe na mashambulizi mkononi, si jambo dogo. Aliyewatoa naye anajua si dogo, ndiyo maana kalitia bei.

Ulilosikia ni kweli, na lilitokea zaidi ya mara moja. Chama hicho kiliitwa Band of Brothers, katika mchezo wa EVE Online uliotengenezwa na kampuni ya CCP ya Iceland na kutoka 2003. Ni mchezo wa vyombo vya anga, na una tabia mbili zinazoufanya mkali kuliko mingi. Kwanza, wachezaji karibu wote wa dunia wamo katika seva moja, yaani dunia moja ya mchezo, isipokuwa wa China wenye yao. Sifa unayoijenga inajulikana kote, na aibu vilevile. Pili, chombo chako kikilipuliwa kimekwenda, hakirudi, unaanza kuchuma upya. Juu ya hayo, kampuni inaruhusu hadaa ndani ya mchezo. Ukimwamini mtu ghala lako akalikomba, hakuna wa kumshtakia. Kwa hiyo huko mtu hajiungi na chama kwa kupenda mazungumzo peke yake. Anajiunga kwa sababu peke yake ataliwa.

Ndivyo vyama hivi vilivyoanza kila mahali. Mchezo wa Ultima Online ulipofunguliwa Septemba 1997, mtu akitoka nje ya mji aliweza kuuawa na mchezaji mwenzake na kuvuliwa kila alichobeba. Wasafiri wakaanza kutembea kwa makundi, waviziaji nao wakajipanga kwa makundi, na kundi likishapata jina na rangi zake linataka heshima. Mwaka 2000 wenye mchezo walilazimika kuigawa dunia yao pande mbili, upande mmoja wa vita na mmoja wa amani, maana wapenda amani walikuwa wanakimbia. Kule upande wa vita wakabaki walioona kwamba ushindi usio na hatari hauna ladha.

Turudi kwa Band of Brothers. Walikuwa wazoefu, wenye nidhamu na vyombo vikubwa, na makao yao yalikuwa eneo liitwalo Delve. Mahasimu wao wakubwa wakawa Goonswarm, watu waliojuana kwanza nje ya mchezo kabisa, katika tovuti ya utani ya Marekani iitwayo Something Awful, kisha wakaingia EVE kwa mkumbo. Walipoingia hawakujua kucheza. Walichukua vyombo vidogo vya bei rahisi, wakavamia kwa mamia, wakalipuliwa, wakarudi. Chombo kimoja kikubwa kilichomgharimu mtu miezi kikizungukwa na vidogo 100 visivyo na thamani, mwenye hasara ni yule mkubwa, hata akivichinja 60. Wazoefu waliwadharau kwa hilo, na dharau ile iliwaponza.

Vita vyao vilikwenda miaka. Katikati yake, Februari 2007, ikadhihirika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP aliyekuwa akicheza ndani ya Band of Brothers alijipatia kinyemela michoro adimu ya kuundia vitu vya mchezoni. Wachezaji wakawaka. Mwaka uliofuata kampuni ikaitisha uchaguzi wa baraza la wachezaji, lenye wajumbe wanaopigiwa kura na kupeleka malalamiko hadi kwa watengenezaji. Mimi nalihesabu hilo kuwa tukio zito kuliko vita vyenyewe, kwa sababu vyama vya mapigano vilimlazimisha mwenye uwanja akubali kuulizwa.

Usiku wenyewe ulioutaja ni wa Februari 2009. Mmoja wa wakurugenzi wa Band of Brothers alikuwa amechoka na upande wake, akawafuata Goonswarm kuomba nafasi. Watu wa upelelezi wa Goonswarm walipotambua cheo chake wakamwonyesha kwamba ana kitu kikubwa kuliko chombo chake. Cheo kile kilikuwa na mamlaka ya kuzitoa kampuni wanachama (ndivyo EVE inavyoviita vikundi vya wachezaji vinavyounda muungano) kutoka katika muungano, kuchota hazina na kuufunga muungano wenyewe. Akafanya yote hayo. Wenzake walipoamka hapakuwa na chama. Wakataka kukisajili upya kwa jina lilelile, wakakuta mahasimu wamewahi kulisajili, na EVE haikubali majina mawili yanayofanana. Ikabidi wajiite KenZoku. Baya zaidi, umiliki wa maeneo ulikuwa umefungwa kwenye ule muungano wa zamani, na mitambo mikubwa ya ulinzi ilitegemea umiliki uliokaa muda mrefu. Muungano ulipofungwa, hesabu ikaanza sifuri. Delve, iliyoshindikana kwa mizinga, ikaporomoka majira yaleyale.

Mdogo wangu, ungepata hadithi hiyo hapo tu ungedhani funzo ni kwamba Goonswarm walikuwa werevu. Mwaka haukupita sana. Mwanzoni mwa 2010 kiongozi wa Goonswarm mwenyewe aliacha ankara za umiliki wa maeneo zipite bila kulipwa, akachota mali, akakivunja chama chake. Delve ikarudi mikononi mwa mabaki ya wale wale waliovunjwa mwaka uliotangulia. Kisu kilekile, na mkono ukatoka ndani vilevile.

Nenda popote katika historia hii utakuta hivyo. Mwaka 2005 kundi la mamluki liitwalo Guiding Hand Social Club lilifanya kazi karibu mwaka mzima kwa kuingiza watu wake ndani ya kampuni moja ya EVE, wakapanda vyeo mpaka wakaaminiwa, kisha siku moja wakamuua kiongozi na kufagia maghala kwa pamoja. Januari 2014 malipo ya umiliki wa eneo liitwalo B-R5RB hayakufanyika. Mahasimu wakaona mwanya, na kilichofuata ni mapigano ya saa 21 yaliyoteketeza vyombo 75 vya daraja la juu kabisa, hasara iliyokadiriwa na CCP kufika dola za Marekani 300,000 ukiigeuza kuwa fedha ya kweli. Malipo ya eneo moja yalitosha kuwasha moto huo.

Wakorea nao wana yao. Katika mchezo wa Lineage II, kwenye seva ya Bartz, muungano uliojulikana kwa kifupi DK ulishika ngome, ukatoza watu kodi na kuwafukuza kwenye maeneo mazuri ya kuwinda. Mwaka 2004 wanyonge wakaungana. Watu wa seva nyingine wakafungua wahusika wapya wa daraja la mwanzo kabisa, wasio na vazi la vita, na wakaenda kufa kwa maelfu mbele ya mashujaa wa DK ili tu wawachoshe. DK wakaanguka. Halafu walioshinda wakagombania ngome, na wakubwa wakapata nafasi ya kurudi. Wale maskini wa nguo za ndani waliulizana walikufa kwa ajili ya nani.

Sasa swali lako la pili, la waliodumu. Hapa nina msimamo na sitauficha: chama cha mapigano hudumu pale watu wake walipokuwa na sababu ya kuwa pamoja kabla ya mchezo na nje ya mchezo. Silaha, cheo na ushindi ni vya kuazima.

Chukua The Syndicate ya Marekani. Ilianzishwa Februari 1996, kabla hata Ultima Online haijafunguliwa. Imehama mchezo hadi mchezo, ina kanuni kwamba mwanachama hawi na chama kingine, na watu wake hukutana ana kwa ana kila mwaka, wakaketi na kula pamoja. Si wapiganaji wakali kuliko wote, na wengi waliokuwa wakiwapiga wamesahaulika. Chukua na hao Goonswarm. Baada ya kuvunjwa na kiongozi wao 2010, walijikusanya upya mwaka uleule, wakawa wakubwa kuliko mwanzo. Waliweza kwa sababu mazungumzo yao, majina yao na utani wao havikuwa ndani ya EVE. Vilikuwa kwenye mitambo yao wenyewe, pale kiongozi yule asipoweza kugusa kitu. Alifunga muungano, akawaacha watu.

Kwetu pwani hili si geni hata kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na miaka ya baada yake, miji yetu, Tanga ikiwemo, ilikuwa na vyama vya beni, ngoma iliyotokea Lamu na Mombasa. Marini walijiona waungwana na watu wa kalamu, Arinoti wakawa watu wa kawaida wenye hasira ya kudharauliwa. Walishindana kwa gwaride, kwa sare, kwa tarumbeta, kwa karamu za kuwafedhehesha wenzao, na kila upande ulikuwa na mfalme wake, majemadari na makapteni wasiokuwa na jeshi. Mtu kuli bandarini mchana, jioni ni jenerali. Lakini mwanachama akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa na chama, hata kama alikuja mjini peke yake bila ndugu. Tanga ni mji wa waja leo tangu zamani, na mgeni aliyeingia beni alipata wa kumwosha na kumzika. Ushindani ulikuwa sura ya nje ya kitu hicho.

Ndiyo maana katika historia nzima ya Goonswarm, sura ninayoithamini haina mlipuko wowote ndani yake. Mwanadiplomasia wao mkuu, aliyejulikana mchezoni kama Vile Rat, alikuwa Sean Smith, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Kazi yake katika EVE ilikuwa kuzungumza na mahasimu, kufunga mikataba, kuzuia vita visivyo na faida. Aliwahi pia kuwa mjumbe wa lile baraza la wachezaji. Tarehe 11 Septemba 2012 aliuawa Benghazi, Libya, katika shambulio lililomuua pia balozi Chris Stevens. Wachezaji wakabadilisha majina ya vituo vya angani, vingi, vikaitwa kwa jina lake, na waliofanya hivyo hawakuwa marafiki peke yao. Mahasimu waliokuwa wakipigana nao wiki ileile walifanya pia. Kisha wakachanga fedha kwa ajili ya familia yake, fedha za kweli kutoka mifukoni. Katika mchezo wa World of Warcraft mwaka 2006 ilikuwa kinyume chake. Kundi moja lilikusanyika ndani ya mchezo kumwomboleza mwenzao aliyefariki kweli, chama kiitwacho Serenity Now kikawavamia na kuwachinja wote, kikarekodi video na kuisambaza. Wapo wanaotetea kwamba ilikuwa seva ya vita na sheria iliruhusu. Sheria iliruhusu, naam. Mimi na chama cha namna hiyo nisingekaa nacho baraza moja.

Nije kwenu sasa.

Clash of Clans si EVE. Mchezo ulitoka 2012, na miaka ya mwanzo klani ilikuwa mahali pa kuombana askari basi. Vita vya klani viliingia Aprili 2014: siku moja ya maandalizi, siku moja ya mapigano, kila mtu mashambulizi mawili. Mkishindwa mnapoteza nyota na uso, kijiji chako hakibomoki hata kidogo. Kwa hiyo hamkushikiliwa pamoja na woga wa kupoteza mali, kama wale wa EVE. Kilichowashika ni kujuana. Hebu tuhesabu alichowachukulia yule bwana: leveli ya klani, kumbukumbu za vita, na ile alama ya utambulisho inayoanza na #. Leveli inauma kweli, maana kuanzia leveli ya 5 askari mnaochangiana wanapanda daraja moja, na leveli ya 10 mawili. Jina hakuwachukulia. Mchezo huu unaruhusu klani nyingi kuwa na jina moja, kinachotofautiana ni ile alama. Wenzenu wa 2009 hawakuwa na bahati hiyo. Kafungueni klani jina lilelile leo jioni.

Hiyo 150,000 msilipe, hata kama mnaweza kuichanga. Mtu aliyewatoa mara moja atakuwa bado na uongozi wakati fedha inaingia kwenye simu yake, na hakuna mkono wa kumlazimisha atimize. Masharti ya Supercell, wenye mchezo, yanakataza biashara ya akaunti, hivyo mkidhulumiwa hamna pa kwenda kulalamika. Na mkilipa mtakuwa mmemfundisha kila atakayekuja kushika cheo kwenu kwamba klani yenu inauzika.

Kuhusu kaka yenu wa machimboni, msimlaumu kwa kuondoka, ila jueni palipoharibika. Hakuwa na haja ya kumkabidhi mtu uongozi. Kiongozi mwenza anaweza kuanzisha vita, kupokea wanachama na kumtoa mzee (cheo kilicho chini yake) au mwanachama wa kawaida. Asichoweza ni kumtoa kiongozi mwenza mwingine wala kiongozi mkuu. Kama angeacha viongozi wenza watatu na cheo chake akakibakiza kwenye simu yake, juzi usiku mngepoteza wanachama kadhaa, na waliobaki wangewaita wengine asubuhi. Mlikuwa na ulinzi ndani ya mchezo, mkauondoa kwa nia njema.

Safari hii uongozi mkuu msimpe mpiganaji wenu bora. Mpiganaji bora anahamahama, anatongozwa na klani kubwa, na sifa zinampanda. Mpeni mtu mnayejua mlango wa kwao, hata kama anaambulia nyota moja kwa kila shambulio. Wenza wawe watatu, wa mitaa mitatu tofauti. Mkibadilisha kiongozi, libadilishwe mbele ya wote kwenye grupu la WhatsApp, siku iliyotangazwa, na grupu lenyewe lisiwe na admini mmoja, tena asiwe yule yule kiongozi wa klani.

Na nunueni kaunta buku. Nasema hivi kwa uzito uleule ninaosemea mengine. Kila mchezaji wa Clash ana alama yake isiyobadilika hata akibadili jina; iandikeni, pembeni yake jina lake la nyumbani, mtaa, na namba ya simu ya ndugu yake mmoja. Kurasa za nyuma andikeni vita: tarehe, mlipigana na nani, nyota ngapi kwa ngapi, nani alishambulia mwisho, nani hakushambulia na kwa sababu gani. Wale wenzenu ambao hujui walipo leo, ungekuwa na daftari hilo ungewapigia simu kabla ya adhuhuri. Vita vya zamani mnavyovikumbuka viandikeni sasa wakati mpo 11, kila mmoja aseme anavyokumbuka, mkitofautiana andikeni kauli zote mbili na majina ya waliosema. Msiandike ushindi tu. Siku mliyopigwa vibaya ndiyo yenye habari nyingi, maana siku hiyo mtu hujulikana.

Wale rafiki zake wawili waliobaki naye sijui wamo kwa kuridhia au kwa kutojua, na wewe unaweza usijue pia. Mmoja wenu anayewafahamu ana kwa ana aende akawaulize uso kwa uso, asiwaandikie. Wakija, waje kama wanachama wa kawaida, wasipewe cheo hadi mtakaporidhika. Yeye mwenyewe akiomba kurudi, uamuzi ni wa wote 11, na mimi nisingemrudisha.

Vita vinaruhusu kuanzia watu 5 kwa 5, na 10 kwa 10 mnaitosha, mkapumzishana mmoja kwa zamu. Anzisheni usiku baada ya isha, wenye kazi za mchana wawe wamesharudi, maana siku ya mapigano itafunguka na kufungwa saa ileile na mtu asipate kisingizio cha kuwa kazini. Yule anayepumzika zamu hiyo ndiye ashike kalamu.